Biskuti za Anzac: oti, nazi na jiko la waliobaki nyumbani

Tarehe 25 Aprili, kabla jua halijachomoza, maelfu ya watu wa Australia na New Zealand huwa wamekwisha kusimama mbele ya minara ya kumbukumbu ya vita. Wamevaa makoti, kwa kuwa huko kusini mwa dunia mwezi huo baridi inaanza kuingia. Tarumbeta hupigwa, watu hunyamaza, sala husomwa, kisha kila mmoja hurudi nyumbani au huingia ukumbini na wenzake kunywa kitu cha moto. Pembeni ya kikombe hicho mara nyingi pana sahani ya biskuti bapa, za rangi ya kahawia, zenye oti zinazoonekana kwa macho na harufu ya nazi iliyopata moto. Hizo ndizo biskuti za Anzac.

Haziwekwi mayai wala maziwa, hazihitaji mashine ya kukorogea wala kibao cha kusukumia. Mtoto wa miaka kumi akisimamiwa anazitengeneza. Nimezipenda kwa wepesi huo, na nimezipenda zaidi kwa historia yake, ambayo hata wenyewe huisimulia nusunusu. Inasemwa kwamba kina mama waliwaokea wana na waume zao biskuti hizi, wakazifunga kwenye makopo, zikapakiwa melini hadi kwenye mahandaki ya Gallipoli. Ni hadithi nzuri na chembe ya ukweli imo, maana vifurushi vya vyakula vya nyumbani kweli vilikwenda vitani. Lakini watafiti waliozifuatilia biskuti za oti za miaka ile wanaeleza kwamba nyingi hazikuiona bahari. Ziliokwa, zikauzwa mtaani, zikaliwa papo hapo, na kilichosafiri ni fedha yake. Wanawake wale wanastahili kusimuliwa kwa walilolifanya, kwa sababu lilikuwa kubwa kuliko kufunga vifurushi.

Anzac ni kifupi cha jina la Kiingereza la kikosi cha pamoja cha majeshi ya Australia na New Zealand, kilichoundwa Misri mwishoni mwa 1914, wakati wa Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia. Alfajiri ya 25 Aprili 1915 kikosi hicho kilishushwa kwenye fukwe za rasi ya Gallipoli, Uturuki, wakati Waingereza na Wafaransa walipojaribu kuufungua mlango wa bahari wa Dardanelles ili waufikie mji wa Istanbul. Hawakuufikia. Askari wa Anzac walijichimbia kwenye miteremko mikali ya udongo na vichaka, wakakaa humo miezi minane, hadi Desemba walipoondolewa kimyakimya usiku. Waaustralia zaidi ya 8,000 walifia huko, na watu wa New Zealand zaidi ya 2,700. Kwa upande wa Waturuki waliokufa walipita 80,000. Nchi mbili changa, zenye watu wachache, zilijikuta na msiba karibu kila mtaa.

Biskuti ilikuwepo Gallipoli, ila haikuwa hii. Chakula cha askari kilikuwa nyama ya kopo, jemu, chai, na biskuti ya jeshi: kipande cha mraba cha unga na maji, kilichookwa mpaka unyevu wote ukatoka. Askari wenyewe walikiita kigae cha Anzac. Kilivunja meno. Wengine walikipara kwa kipande cha bati, wakachemsha ule unga na maji wakapata uji. Wengine walikiloweka kwenye chai mpaka kilegee, wakapaka jemu na kula haraka kabla inzi hawajatua juu yake. Na wapo walioandika juu yake. Katika jumba la Australian War Memorial mjini Canberra zimehifadhiwa biskuti za jeshi zenye maandishi ya mkono, zilizopelekwa nyumbani badala ya kadi ya salamu. Miaka zaidi ya 100 imepita nazo zingali nzima. Ukiiona picha ya biskuti hiyo ndipo unapoelewa ladha ya siagi ilikuwa na maana gani kwa mtu aliyekuwa kule.

Turudi majumbani. Agosti 1914, siku chache baada ya vita kuanza, Lady Helen Munro Ferguson, mke wa Gavana Mkuu wa Australia, alianzisha tawi la Msalaba Mwekundu nchini humo, na matawi madogo yakaenea vijijini kwa kasi. New Zealand nako Lady Liverpool, mke wa gavana, aliwaongoza wanawake kukusanya michango na kufuma soksi na sweta za askari. Mjini Sydney ulikuwepo mfuko ulioitwa War Chest. Krismasi ya 1915 familia za Australia zilijaza birika za bati zawadi ndogondogo kwa ajili ya vijana wao. Nyingi ziliwafikia kisiwani Lemnos, kwa kuwa wakati zinafika walikuwa wamekwisha kuondolewa Gallipoli.

Yote hayo yalitaka fedha, na mwanamke wa wakati ule mara nyingi hakuwa na mshahara. Alikuwa na jiko. Basi akaoka. Kwenye minada ya hisani, kwenye magwaride, kwenye uwanja wa kanisa siku ya Jumamosi, meza ya vitu vya kuokwa ilikuwepo, na juu yake biskuti za oti, kwa sababu ni rahisi, hazivunjiki ovyo, na hukaa siku nyingi bila kuharibika. Aliyenunua alijua senti yake inakwenda wapi. Aliyeoka alijua hivyo hivyo, hata kama mwanawe alikuwa amekwisha kuzikwa huko na hapakuwa tena na mtu wa kupelekewa kifurushi. Ninapofika hapo katika historia hii huwa nasimama. Kuoka kwa ajili ya mwanao ni upendo ambao kila mtu anauelewa. Kuendelea kuoka kwa ajili ya wana wa wengine, baada ya wako kuondoka, ni jambo jingine, nami sijaona mnara wa mawe unaoliweka wazi kama sahani hii ya biskuti.

Jina na biskuti vilichelewa kukutana. Profesa Helen Leach wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, alivipekua vitabu vya mapishi vya zamani ukurasa kwa ukurasa. Katika kitabu cha mapishi cha kanisa la St Andrew's mjini Dunedin, toleo la 1915, alikuta jina Anzac limepewa keki. Katika kitabu cha War Chest kilichotoka Sydney mwaka 1917 imo biskuti iitwayo Anzac, lakini ni ya aina nyingine kabisa. Biskuti ya oti inayofanana na tunayoijua leo imo humo humo, chini ya jina lisilo na Anzac ndani yake. Kwa utafiti wake, toleo la 1921 la kile kitabu cha Dunedin ndilo lililoviweka pamoja: oti, shira, na jina la wale askari. Naye Allison Reynolds wa Australia aliandika kitabu kizima juu ya biskuti hii, kilichochapishwa 2018. Kumbe kilichookwa wakati wa vita kilipata jina lake la kudumu baada ya vita, wakati wa kuomboleza ulipofika. Mimi naona hivyo ndivyo ilivyopaswa kuwa.

Kwa nini Dunedin? Mji huo uliasisiwa 1848 na walowezi wa Kanisa Huru la Uskoti, na Mskoti bila oti hakai. Kwao nafaka hiyo ilikuwa uji wa asubuhi, mkate mkavu wa mchana na pudini ya sikukuu. Mikoa ya Otago na Southland, yenye baridi na mvua, iliikubali oti vizuri kuliko mazao mengi.

Shira ilikuwa na safari yake. Ile ya rangi ya dhahabu, nzito, yenye ladha iliyo kati ya asali na karameli, ilianza kuuzwa London mwaka 1883 na kampuni ya Abram Lyle, iliyogundua kwamba mabaki ya kiwanda cha kusafisha sukari ya miwa yakisafishwa tena yanakuwa chakula kizuri. Mwaka uliofuata kiwanda cha sukari cha Chelsea kilifunguliwa Auckland, na shira ikawa kitu cha kawaida kwenye rafu za New Zealand. Ilikuwa rahisi kwa bei, na ilifanya kazi ambayo yai lingeifanya, yaani kushikanisha.

Nazi ilikuja mwisho kabisa. Mapishi ya mwanzo hayakuwa nayo. Iliingia katika miaka ya 1920, wakati ambapo nazi iliyokaushwa na kusagwa viwandani, hasa ile ya Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka, ilikuwa imeshakuwa bidhaa ya kawaida kwenye maduka ya mbali na minazi. Watu wa Mombasa, Tanga au Pemba tungeanza na nazi halafu ndiyo tutafute hivyo vingine. Wao walitanguliza oti, wakaongeza nazi baadaye, na tangu hapo hawakuitoa. Leo yupo Mwaustralia atakayekwambia bila kusita kwamba pasipo nazi hiyo si Anzac.

Serikali yao nayo ina neno. Tangu 1921 Australia ina kanuni zinazolinda jina Anzac lisitumiwe kibiashara bila kibali. Biskuti zimeruhusiwa kulibeba jina hilo kwa sharti kwamba zifuate mapishi ya asili na umbo lake, na ziitwe biskuti, zisipewe jina la Kimarekani. Ukizitia chokoleti au lozi ukaziuza kwa jina hilo umevunja kanuni. Jikoni kwako hakuna atakayekufuata, lakini binafsi naiheshimu kanuni hiyo hata nikiwa huku. Nikitaka kutia iliki natia, kisha naziita biskuti za oti na iliki.

Haya, tuingie jikoni. Utahitaji kikombe kimoja cha oti, ambacho ni kama gramu 90. Kikombe kimoja cha unga wa ngano, gramu 150. Kikombe kimoja cha sukari ya kahawia, kiasi cha gramu 220 ukiishindilia. Robo tatu ya kikombe cha nazi iliyokaushwa, gramu 60 hivi. Siagi gramu 125. Vijiko viwili vya chakula vya shira. Kijiko kimoja cha maji yanayochemka. Na nusu kijiko cha chai cha bekingi soda. Kikombe hapa ni cha mililita 250. Na ukitumia kitabu kutoka Australia uangalie vijiko: kijiko chao cha chakula ni mililita 20, wakati chetu, kama cha Uingereza na New Zealand, ni 15. Tofauti hiyo kwenye shira inatosha kukuletea biskuti ngumu inayopukutika wakati wao waliahidi laini.

Oti ziwe zile bapa, zilizopitishwa kwenye mvuke kisha zikabanwa kwa rola, ambazo ukizishika kiganjani unaziona moja moja. Zile za uji wa dakika moja zimekatwa mno, zitakupa kitu kinachofanana na keki iliyododa. Zilizokatwa kwa chuma, ngumu kama punje za mchele, hazitaiva kwa muda mfupi wa oveni.

Nazi ndipo mahali ambapo sisi tuna nafasi ya kuwapita wenye mapishi. Pakiti ya nazi iliyokaushwa hupatikana kwenye maduka makubwa, na mara nyingi imekaa sana, harufu imeisha, na wakati mwingine inanuka mafuta yaliyochacha. Chukua nazi iliyokomaa vizuri, ivunje, ikune kwa mbuzi polepole, ukiishia kabla ya kuufikia ule weusi karibu na kifuu. Usikamue tui. Machicha yaliyokwisha kukamuliwa hayana kazi hapa, kwa kuwa mafuta, ambayo ndiyo yenye ladha, yamekwenda na tui. Itandaze hiyo nazi kwenye trei pana, uitie ndani ya oveni ya nyuzi 100, na uigeuze kila baada ya dakika chache. Baada ya nusu saa au zaidi kidogo itakuwa nyepesi, ukiisugua kwa vidole inaachana badala ya kushikana. Usiiache ipate rangi, rangi itaipata baadaye ndani ya biskuti. Ukitumia nazi mbichi bila kuikausha, maji yake yatalegeza mchanganyiko na biskuti zitatambaa trei nzima zikaungana.

Shira ya kopo ikikosekana, itengeneze. Yeyusha gramu 100 za sukari na vijiko vitatu vya maji mpaka zipate rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Toa motoni, mimina kwa hadhari mililita 300 za maji ya moto, maana yatatutuma na kurusha mvuke, kisha ongeza sukari nusu kilo na kipande cha limau. Rudisha kwenye moto mdogo kabisa, usikoroge, uiache kwa dakika arobaini hivi. Asidi ya limau huivunja sukari ili isirudi kuwa chenga ikipoa. Utapata zaidi ya unayohitaji, na iliyobaki ni nzuri juu ya vitumbua. Asali pia inafaa, ila ina ladha yake, nayo huungua mapema, kwa hiyo punguza moto.

Sasa changanya vitu vikavu kwenye bakuli kubwa: oti, unga, sukari, nazi. Weka siagi na shira kwenye sufuria yenye kina, juu ya moto mdogo, mpaka viyeyuke na kuwa kitu kimoja. Nimesema sufuria yenye kina kwa sababu ya hatua inayofuata. Koroga bekingi soda ndani ya kile kijiko cha maji yanayochemka, halafu umimine kwenye siagi ya moto. Papo hapo inaumuka. Povu jepesi linapanda na kuujaza mdomo wa sufuria, rangi inageuka kutoka ile ya dhahabu kuwa ya kahawa yenye maziwa, na unasikia mlio mdogo wa viputo vinavyopasuka. Watoto hupenda kuitwa waone. Kinachotokea ni kwamba shira ina asidi kidogo, soda inakutana nayo, gesi inatoka. Na soda inayobaki ndiyo itakayofanya biskuti ipate ile rangi ya kahawia iliyokolea ndani ya oveni. Bekingi pauda haitakupa rangi hiyo, wala harufu hiyo.

Mimina povu lile kwenye vitu vikavu bila kusubiri, ukoroge kwa mwiko.

Shangazi yangu, ambaye ni fundi wa vileja na mkate wa kumimina, alikuwa pembeni nilipofika hatua hii. Aliuangalia mchanganyiko, akaubonyeza kwa kidole.

“Mwanangu, mayai yako wapi?”

“Haitiwi mayai, shangazi.”

“Basi itashikwa na nini?”

“Na shira.”

Akanyamaza, akachukua kidonge kimoja, akakifinyanga mkononi, akakiacha kwenye trei kimekaa sawasawa. Baada ya hapo vyote vilivyobaki alivifinyanga yeye.

Swali lake ndilo swali lenyewe. Mchanganyiko huu ukiuona utadhani umekosa kitu: umepukutika, unang'aa kwa siagi, unashikana kwa shida. Usiongeze maji. Chota kijiko kimoja cha chakula, finyanga, na kama kinavunjika kabisa, acha bakuli litulie dakika kumi, oti zitakunywa unyevu na kulainika. Panga vidonge kwenye trei yenye karatasi ya kuokea, ukiacha sentimita tano kati ya kimoja na kingine, kisha kibonyeze kila kimoja kidogo tu. Oveni iwe nyuzi 160. Ukiwa na moto mkali zaidi kingo zitaungua kabla katikati haijaiva, kwa sababu sukari humu ni nyingi.

Asiye na oveni asihofu. Chukua sufuria kubwa nzito, tandika mchanga mkavu uliochekechwa, weka juu yake kigae au stendi ya bati, funika na uipashe moto robo saa. Halafu ingiza biskuti kwenye sahani ya bati, chache kwa wakati, punguza makaa ya chini, na upalie makaa juu ya mfuniko. Chini kukizidi, biskuti zitaungua tumboni huku juu ni nyeupe. Waliozoea mkate wa kumimina wanaijua kazi hii hata wakiwa wamefumba macho, na kwa maoni yangu biskuti za moto wa makaa zinatoka na harufu nzuri kuliko za umeme.

Dakika kumi na tano hadi kumi na nane zinatosha. Na wakati unazingoja, kuna jambo la kwetu ambalo biskuti hizi hunifikirisha kila mara.

Vita vile vile vilipiganwa hapa. Kuanzia 1914 hadi 1918 majeshi ya Waingereza na Wajerumani yalikimbizana kutoka Taveta na Tanga hadi Msumbiji na Rhodesia ya Kaskazini, na mizigo yao ilibebwa vichwani na mabegani na watu wetu, wengi wao wakiwa wamechukuliwa kwa nguvu. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, na wengi waliuawa na kuhara na homa kuliko risasi. Unga wa mahindi waliopewa mara nyingi hawakupata muda wala vyombo vya kuupika ukaiva, na matumbo yakawaua njiani. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimebeba jina la kikosi chao. Sanamu ya Askari pale katikati ya Dar es Salaam imesimama tangu 1927. Lakini kila siku maelfu ya watu hununua vitunguu, vitambaa na simu Kariakoo bila kujua kwamba soko lina jina la jeshi la wabeba mizigo. Nyuma ya kila mpagazi alikuwepo mke au mama aliyebaki na shamba, akalima peke yake, akatwanga peke yake, na wengi hawakuletewa hata habari ya kaburi. Hatuna chakula kinachopikwa siku moja ya mwaka kwa ajili yao. Ningependa tuwe nacho. Kingekuwa nini sijui, pengine uji wa mahindi ulioiva vizuri, upikwe Kariakoo penyewe alfajiri, na watoto waelezwe kwa nini umeiva hivyo.

Biskuti ziko tayari zikiwa na rangi ya kahawia ya dhahabu kotekote, na kingo zimekolea zaidi. Katikati zitakuwa bado laini, ukizigusa zinabonyea. Zitoe hivyo hivyo. Ziache kwenye trei dakika tano, ndipo uzihamishie kwenye wavu zipoe. Ugumu huja wakati wa kupoa, na anayeziacha ndani mpaka ziwe ngumu atatoa vigae.

Kuhusu ugumu, huko kwao watu wamegawanyika tangu zamani, na nyumba moja huwa na pande mbili. Wapo wanaotaka biskuti inayolia mdomoni, na wapo wanaotaka ya kutafuna, inayovutika kidogo katikati. Zote zinatoka kwenye bakuli moja. Ukitaka ngumu, tumia sukari nyeupe, bonyeza kidonge kiwe chembamba, punguza moto hadi nyuzi 150 na uongeze dakika tano. Ukitaka laini, tumia sukari ya kahawia, acha kidonge kiwe kinene, na uwahi kuitoa. Shira huvuta unyevu kutoka hewani, ndiyo maana ukizidisha shira unapata laini zaidi. Mimi niko upande wa laini katikati na ngumu kingoni, yaani nyuzi 160 na macho yasibanduke kwenye oveni baada ya dakika ya kumi na nne.

Majarini inaweza kutumika badala ya siagi, na wengi wataitumia kwa sababu ya bei. Biskuti itatoka, itashikana, itapata rangi. Itakosa ile ladha ya siagi iliyopata moto pamoja na shira, ambayo ni nusu ya biskuti yenyewe. Kama bajeti inabana, afadhali upike nusu ya kipimo kwa siagi. Unga nao ubaki ule mweupe wa kawaida, usio na hamira.

Zikishapoa kabisa, na nasema kabisa, zitie kwenye kopo lenye mfuniko unaobana. Ukizifungia zikiwa na joto, mvuke utazilegeza zote hadi asubuhi. Bara, Arusha au Nakuru, zinakaa wiki mbili bila wasiwasi. Pwani hali ni nyingine: unyevu wa Dar es Salaam au Mombasa unaingia kopo likifunguliwa mara mbili tatu, na siku ya nne biskuti ngumu imekuwa laini. Haijaharibika. Irudishe kwenye oveni ya nyuzi 150 kwa dakika tano, iache ipoe, itakuwa kama ilivyotoka siku ya kwanza. Au fanya kama tunavyofanya kwetu: finyanga vidonge vyote, oka nusu, na nusu uviweke kwenye friza ndani ya mfuko uliofungwa vizuri. Akija mgeni unatoa sita, unavipanga kwenye trei vikiwa na baridi yake, unaongeza dakika mbili kwenye muda wa oveni, na chai inapochemka biskuti nazo zimeiva.